Bustani ya Kudumu Kuizunguka Nyumba ya Kale
Maneno yaliyosemwa Mpanda mbele ya wazee na walimu



Tumeombwa kusema juu ya bustani za maua, hasa zile ambazo Waingereza wamezoea kuzipanda kuzizunguka nyumba zao za kale. Huenda wako kati yenu walioguna moyoni wakisema, "Maua ni kazi ya watu walioshiba. Sisi twataka habari za mahindi, mpunga na tumbaku." Hatuwalaumu. Walakini twaomba subira yenu, maana ndani ya habari hii yamo mambo matatu yatupasayo sana: udongo unaoishikilia nyumba, maji anayoyabeba mama kichwani, na majengo ya zamani yanayobomoka huku tunayatazama.

Kwanza yafaa tujue bustani hiyo ni ya namna gani. Mimea ya maua ni ya namna mbili kubwa. Iko ile ya msimu mmoja, ambayo huota, huchanua, hutoa mbegu, kisha hufa kabisa kama mahindi. Nayo iko ya kudumu, ambayo majani yake hukauka lakini uhai wake hubaki chini ya ardhi, katika mizizi, viazi au vitunguu vyake, hata majira yake yakirudi huchipuka tena. Nasi tunayo mifano mingi nyumbani. Tazameni tangawizi. Tazameni mgomba: shina lililozaa hukatwa, na watoto wake husimama mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Bustani tunayoisema ni ile iliyopandwa mimea ya namna hii ya pili.

Katika karne ya 19 matajiri wengi wa Uingereza walipenda kulea miche ya maua ya msimu mmoja katika nyumba za vioo zenye joto. Wakati wa joto walipofika waliipanda nje kwa maelfu, katika mapambo ya duara na nyota, na baridi iliporudi yote iling'olewa na kutupwa. Kazi hiyo ilikula kuni, fedha na nguvu za watu wengi, na kila mwaka ilianza upya.

Mtu mmoja, William Robinson, akaipinga desturi ile kwa maandiko yake. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake juu ya bustani ya mwituni, na mwaka 1883 kingine juu ya bustani ya maua ya Kiingereza. Shauri lake lilikuwa jepesi kuelewa: pandeni mimea inayoweza kudumu katika nchi yenu, iwekeni mahali inapopapenda, nayo itajitunza kwa sehemu kubwa. Naye Bibi Gertrude Jekyll, aliyejifunza kwanza kazi ya kuchora picha, akaendeleza shauri hilo katika bustani yake ya Munstead Wood. Tuta lake kubwa la maua lilikuwa na urefu wa futi 200 na upana wa futi 14. Aliipanga mimea kwa rangi kama mchoraji apangavyo rangi zake, na kwa zamu pia, hata mmoja unapomaliza kuchanua mwingine uanze. Aliandika vitabu na kuchora ramani za bustani nyingi za watu wengine mpaka alipofariki mwaka 1932.

Tena iko habari ya Sissinghurst, katika wilaya ya Kent. Hapo palikuwa na jumba kubwa la zamani, karibu lote limekwisha kuanguka, mnara wake ukiwa umebaki umesimama. Mwaka 1930 Bibi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson walipanunua. Waliondoa takataka, wakapanda bustani kati ya kuta zilizobaki, na mwaka 1938 wakafungua mlango kwa watu wote, kila mgeni akitoa shilingi moja. Bibi yule alifariki mwaka 1962, na mwaka 1967 mahali pale pakakabidhiwa kwa chama cha kuhifadhi mambo ya kale ya nchi ile. Hata leo watu huenda kupatazama. Basi angalieni jambo hili: nyumba iliyokuwa gofu imedumu kwa sababu ardhi inayoizunguka ilipata watu wa kuitunza. Penye mtu wa kupalilia kila juma, ufa wa ukuta huonekana mapema. Ndiyo maana ya mithali yetu, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tuje kwetu. Je, tupande maua ya Uingereza hapa Katavi? La. Na sababu yake twaweza kujifunza kutoka Unguja.

Kusini ya mji wa Unguja, kando ya bahari, iko Mbweni. Hapo palikuwa na nyumba na shamba la Dokta John Kirk, Mskoti, aliyesafiri pamoja na David Livingstone katika mto Zambezi tangu mwaka 1858. Baadaye alikuja Unguja kuwa balozi wa Waingereza, naye ndiye aliyehusika sana na mkataba wa mwaka 1873 ambao Sultani Barghash aliutia sahihi, wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Katika moyo wake Kirk alikuwa mtu wa mimea. Alipanda Mbweni miti na maua ya nchi nyingi ili aone ni ipi itakayofaa, tena alipeleka mimea ya pwani yetu katika bustani kubwa ya Kew, karibu na London.

Kati ya mimea aliyoipeleka ulikuwako mmoja mdogo, laini, wenye shina la majimaji na maua mekundu, upendao kivuli na unyevu. Mwaka 1882 wataalamu wa Kew waliutangaza wakaupa jina la heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mmea ule, pamoja na jamaa zake wa Afrika ya Mashariki, umeenea duniani kote, na pengine hapana mji mkubwa wa Ulaya usiokuwa nao madirishani. Lakini sikieni ajabu yake. Hapa kwetu, penye kivuli na maji, mmea huo ni wa kudumu. Kule Uingereza huhesabiwa kuwa ni wa msimu mmoja, maana baridi ya kwanza huuua. Mmea ni ule ule, nchi ndiyo iliyobadilika.

Basi hapo ndipo penye fundisho lote. Kudumu kwa mmea hakumo ndani ya mmea peke yake. Kumo katika mapatano ya mmea na nchi. Mimea ya bustani za Kiingereza hulala wakati wa baridi, kwa kuwa baridi ndiyo adui yake. Hapa Katavi adui ni kiangazi. Mvua zetu huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba, hukoma kama mwezi wa Aprili, na baada ya hapo nchi hukauka mpaka hata mto Katuma hupungua ukawa vidimbwi vya viboko na mamba. Mmea wa kudumu wa kwetu ni ule ujuao kulala kiangazi. Yeyote aletaye hapa waridi laini na nyasi za kunyweshwa kila jioni, huyo ameyachukua mavazi ya Mwingereza akaiacha akili yake.

Tena mimea ijuayo kulala kiangazi imejaa katika miombo yetu. Kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, mwaliona ua lile la mviringo, jekundu kama kaa la moto, likitoka ardhini hata kabla ya majani yake kukamilika. Mwaliona pia gladioli za mwituni, zenye maua ya rangi ya chungwa au manjano yaliyopangana juu ya ubua mmoja. Gladioli hizo za Afrika zimezaa zile zinazouzwa leo katika maduka ya maua ya Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitunguu vya aina moja ya manjano vilichukuliwa kutoka jirani ya maporomoko ya Victoria, vikachanganywa na vingine huko Uingereza. Iko pia mishubiri, ambayo huyaweka maji yake ndani ya majani manene na kuchanua wakati ambapo mimea mingine imekauka. Watu wa mbali walivuka bahari kuitafuta jamii ya mimea tunayoikanyaga njiani.

Sasa twaomba mtazame nyumba zetu. Desturi ya wengi wetu ni kufagia uwanja mpaka udongo mtupu uonekane, na nyumba yenye uwanja mweupe husifiwa kwa usafi. Usafi ni jambo jema, nao uwanja mweupe humwonyesha nyoka mapema. Lakini nendeni mkatazame nyumba yoyote ya matofali ya udongo iliyofagiwa namna hiyo miaka 20. Mtaona msingi umetokeza nje, na sehemu ya chini ya ukuta imelika kwa matone yanayoruka. Mvua ya Januari huanguka kwa nguvu, maji ya paa hupiga ardhi isiyo na mzizi hata mmoja, nayo huuchukua udongo kidogo kidogo mpaka mtoni. Ufagio nao huchukua sehemu yake kila asubuhi. Watu husema nyumba imezeeka, kumbe nyumba imechimbwa.

Nasi tunazo nyumba za kale zinazostahili kutunzwa. Ya kukumbukwa kwanza ni boma la Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1876 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliwaita wasafiri na wataalamu mjini Brussels, kikaundwa Chama cha Kimataifa cha Afrika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, mtu wa chama hicho, alifika Karema akaanza kujenga boma lile, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadri Weupe. Hapo ndipo misioni ya Karema ilipoendelea, na hapo ndipo alipotibu watu Dokta Adrien Atiman, mwana wa Afrika ya Magharibi aliyekombolewa utumwani utotoni, mpaka kifo chake mwaka 1956.

Boma lile lina habari moja inayohusu neno letu. Lilipoanza kujengwa, ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi, na maji yalikuwa karibu. Lakini mto Lukuga, ulio upande wa Kongo, ulikuwa umefunguka njia yake, na kati ya mwaka 1878 na 1894 ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Ufuko ukaenda mbali, na mahali palipokuwa maji pakawa nchi kavu. Waliojenga walidhani wameichagua ardhi yao mara moja kwa siku zote, lakini ndani ya miaka michache ilikuwa ardhi nyingine. Nyumba husimama mahali pamoja, walakini nchi inayoizunguka hutembea: maji huja na kwenda, udongo huondoka, miti hukatwa. Kwa hiyo kazi ya mwenye nyumba haishi siku anapoezeka paa.

Tumezisikia hoja za kupinga, nazo ni za haki. Ya kwanza ni nyoka. Nyoka hupenda marundo ya takataka, mawe yaliyoachwa ovyo na vichaka vilivyoshonana. Basi mimea mirefu iwe mbali na mlango, ile ya karibu na njia iwe mifupi, na chini yake paonekane. Ya pili ni mchwa. Hii ni kweli kabisa: majani makavu yakilazwa ukutani, mchwa watapanda mpaka kwenye paa. Ya tatu ni maji, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, hata twataka kukaa juu yake kidogo.

Bustani nyingi za maua zilizopandwa mbele ya maofisi, mashule na nyumba za wakubwa zimeishi kwa maji ya kubebwa. Na nani aliyabeba? Walikuwa wanafunzi walioadhibiwa, au wafungwa. Na nyumbani huwa ni mama na dada zetu, ambao wamekwisha kwenda kisimani kwa ajili ya kupika na kuoga. Kila ndoo iliyomwagwa juu ya ua mwezi wa Septemba ni safari ya mtu. Bustani ya namna hiyo, hata ikiwa nzuri ya kutazama, ina deni. Mtoto aliyebeba maji yake kwa adhabu atalichukia jembe maisha yake yote. Ndiyo sababu twasema bustani ya kudumu, ya mimea ijuayo kulala, ndiyo peke yake inayotufaa. Ipandwe mwezi wa Desemba, ardhi ikiisha lowa. Mvua ya Mungu iinyweshe. Na ifikapo Juni iachwe ilale. Bustani iliyokauka kiangazi haijafa, wala si aibu ya mwenyewe. Waingereza nao bustani zao huwa kahawia na tupu mwezi wa Januari, wala hawaoni haya.

Njia ya kuifanya ni hii. Tazameni kwanza mvua inaponyesha maji ya paa yanaanguka wapi. Kuanzia ukutani mpaka mstari huo pasipandwe kitu, bali ardhi iinuliwe kidogo upande wa ukuta ili maji yaikimbie nyumba. Katika mstari wenyewe wa matone pangeni kokoto au mawe madogo, yavunje nguvu ya maji. Nje ya mawe hayo chimbeni tuta lenye upana wa hatua mbili, kina cha jembe zima, mkichanganya samadi iliyooza. Ukingoni mwa tuta pandeni mchaichai, kwa kuwa mizizi yake hushika udongo na majani yake hutiwa katika chai. Katikati wekeni mishubiri na gladioli za mwituni. Nyuma, mbali na mlango, panaweza kuwa migomba mahali maji ya kuogea yanapomwagika.

Mimea ipangwe kwa makundi, mitano au saba ya namna moja pamoja, maana mmoja mmoja uliotawanywa hauonekani. Kila baada ya miaka mitatu au minne, makundi yakisongamana, yachimbueni mwanzo wa mvua, myagawe, na vipande mwape jirani. Hapo ndipo uzuri mwingine wa mimea ya kudumu: huongezeka bila kununuliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na shule moja yaweza kuzipa mimea shule za tarafa nzima.

Twatoa maonyo mawili. Ua lile la kupanda juu ya miti, jekundu na manjano kama ndimi za moto, ni zuri mno, lakini kiazi chake ni sumu iuayo. Na lile la mviringo tulilolitaja, kitunguu chake pia ni sumu. Hayo yasipandwe kwenye uwanja wa shule wala mahali watoto wadogo wachezapo. Onyo la pili ni kwamba msiimalize misitu. Chukueni mbegu, au chimbueni sehemu ndogo katika shamba linalofyekwa, ambapo mimea ingekufa hata hivyo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974, haina ruhusa mtu kung'oa mmea wowote, wala katika msitu wa hifadhi pasipo idhini.

Wazee wetu, twawaomba ninyi neno moja. Katika kila kijiji chenye jengo la zamani, iwe shule ya kwanza, baraza la kale, kanisa, msikiti au zahanati, chagueni mtu mmoja atakayeujua mwaka wa jengo lile na kuutunza ukanda wa ardhi unaolizunguka. Nanyi walimu, twawaomba kazi ya bustani iondolewe katika orodha ya adhabu. Mpeni kila mtoto kundi lake la mimea, aliandike jina lake, aone likilala na likiamka. Mtoto aliyeona kitunguu kikavu kikitoa ua baada ya miezi sita ya ukame amejifunza juu ya nchi yake jambo ambalo ubao wa darasani hauwezi kumwonyesha.

Tena tusingoje fedha za mbali. Kazi hii yataka jembe, samadi, mawe ya njiani na mwezi mmoja wa Desemba. Nyumba tulizoachiwa na waliotutangulia, ziwe zilijengwa na wageni au na babu zetu wenyewe, sasa ni zetu, na mvua inayozila ni yetu pia. Mvua ya msimu ujao itazikuta kuta zile zile. Tufanye bidii iikute na mizizi ardhini.